Kuta Nyeupe za Mama

Harufu ya udongo mbichi ukutani hunikausha mdomo. Juma lililopita mke wa mjukuu wangu alikuwa akisiriba jiko letu hapa Masukulu, nami nikiwa uani namenya ndizi. Harufu hiyo ikanifikia, nikakiweka kisu chini. Tumpe, mjukuu wangu wa mwisho, anayaandika haya kama ninavyoyatamka, kwa kuwa mimi sikupelekwa shule. Nimemkataza kuyapamba.

Tulikuwa wadogo, mimi Tusekile na mdogo wangu Subilaga, Baba alipotuchukua sote kutoka Rungwe kwenda Rhodesia kutafuta kazi ya mgodi. Alikuta mgodi umekwisha kufungwa. Akaajiriwa kuchunga ng'ombe wa mzungu mmoja, nasi tukahamia katika nyumba iliyoachwa na wachimbaji. Nyuma yake kulikuwa na vilima vya taka za mgodi, vya rangi ya majivu, vyenye nyuzi laini kama sufi. Ukilikwaruza jiwe kwa ukucha, lilitoa nywele. Mama alitukataza kabisa kuyasogelea mashimo. Vilimani alituacha, tukateleza kutwa, tukarudi weupe kama watu waliotoka mashineni kusaga unga.

Mama alikuwa Mnyakyusa hasa; nyumba isiyosiribwa kwake ilikuwa aibu. Huku kwetu wanawake hufuata udongo mweupe mtoni. Kule mto ulikuwa mbali, hivyo akatutuma vilimani na ndoo. Alizitwanga zile nyuzi kinuni, akazichanganya na udongo, akausugua ukuta kwa kiganja hadi ukawa laini, kisha akauchora mistari kwa vidole. Haukupata ufa hata mmoja. Majirani walikuja kuutazama.

"Mama Tusekile, ukuta wako unang'aa kuliko meno ya bwana harusi!" mmoja alimtania.

"Nawe kanawe uso, ufanane nao," Mama akamjibu.

Asubuhi alipofagia, mwanga ukiingia dirishani, vumbi lilielea likimetameta. Subilaga alilidaka kwa mdomo wazi.

Tulirudi Rungwe, tukaolewa, tukazeeka. Mama alikufa akikohoa. Watu walisema ni moshi wa jikoni. Miaka mingi baadaye Subilaga naye akaanza. Alipewa dawa za kifua kikuu, akazimaliza, kikohozi kikabaki. Kila alikokwenda kutibiwa aliulizwa swali lile lile.

"Bibi, uliwahi kufanya kazi mgodini?"

"Sijawahi, mwanangu. Hata baba yangu hakuwahi."

Lilikuwa jibu la kweli. Mwaka jana, nikiwa nimemsindikiza, daktari mmoja kijana akauliza namna nyingine: mkiwa watoto, mlicheza wapi? Subilaga akacheka mpaka pumzi ikamkatika, kisha akamsimulia vilima, ndoo na kinu. Daktari akaacha kuandika. Akatueleza kwamba zile nyuzi ni asbesto. Kwamba aishiye kando ya mgodi uliofungwa aweza kulivuta vumbi lile lile alilolivuta mchimbaji. Kwamba hukaa kimya mapafuni miaka mingi, na hakuna dawa ya kulitoa.

"Lakini ulikuwa ukuta mzuri, dada," Subilaga alisema.

Nikamwambia anyamaze, asipoteze pumzi.

Tulimzika wakati wa mvua. Sikulia. Nilitazama wanaume wakishindilia udongo kwa majembe, nikaona wanaushindilia vizuri.

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba mgodi ukifungwa umekwisha, na kwamba hatari yake ni mtu kutumbukia. Mama aliamini hivyo pia. Alituepusha na mashimo kwa fimbo, akatutuma vilimani kwa upendo. Sasa mimi nakohoa. Jumatatu Tumpe atanipeleka hospitali ya Makandana nikapigwe picha ya kifua, na sitangoja kuulizwa.

Siku ile ya kusiriba niliinuka uani, nikaenda hadi jikoni kwa mke wa mjukuu wangu.

"Umechanganya nini humo?"

"Udongo na mchanga tu, Bibi. Kwani vipi?"

Nikachota kidogo, nikausugua katikati ya vidole, nikautazama kwenye mwanga. Haukuwa na nywele. Nikamwambia aendelee.