Baba Yake Agnes Alikuwa Wapi

Nilisafiri kutoka Mwingi hadi Garissa kwa sababu ya mbuzi watatu niliowala miaka ishirini na miwili iliyopita. Naandika nikiwa na hasira bado, hasa na nafsi yangu.

Kwetu Ukambani, mbuzi wa ntheo wakishapokewa, msichana ni mke wa mtu hata kama hajakanyaga kwa mume. Hawi huru mpaka babake awarudishe. Nilikuwa katekista. Binti yangu nilimwita Agnes, na kila Januari nilisimulia kanisani habari za Mtakatifu Agnes wa Roma, msichana mdogo aliyejiweka wakfu kwa Kristo, akakataa kuolewa na mtoto wa mkubwa, akauawa kwa upanga. Watu walilia. Lakini Agnes wangu, akiwa na miaka kumi na saba, aliponiambia kwamba naye hataki mume ila Mungu, nilimpiga kofi nikapokea mbuzi. Wazee wa kanisa walikuja kula, wakaguguna hadi mifupa. Agnes akatoroka.

Jumatano nilirudisha mbuzi wengine watatu kwa yule mwanamume aliyemposa Agnes, ambaye alikwisha kuoa mwingine zamani. Mwenyekiti wa kigango alinikuta njiani akacheka.

"Katekista, unarudisha mbuzi waliooza? Uzee umekuchezea."

"Na wewe ulikula paja," nikamjibu. "Nyamaza."

Alhamisi alasiri, kwenye daraja la Tana, tuliteremshwa kwenye basi kuonyesha vitambulisho.

"Unaenda kwa nani, mzee?" askari aliuliza.

"Kwa binti yangu."

"Mtaa gani?"

Baba mzima, sikujua! Nilitoa karatasi niliyoikuta kwenye sanduku la marehemu mke wangu, nikamsomea: Waberi, nyumba ya mwalimu, karibu na Mama Halima.

Waberi nilimkuta Mama Halima, mfanyabiashara wa kondoo, akimsugua kwa maji mwanakondoo mweupe mwenye kichwa cheusi.

"Wewe ndio baba ya mwalimu? Wallahi, sisi tulijua umekufa! Mwalimu anasema habari ya mama tu."

"Afadhali ningekufa."

"Astaghfirullah! Kunywa chai kwanza." Akanimiminia. "Huyu kesho anaenda kanisa. Mwalimu anaazima kila mwaka. Hamtachinja?"

"Hatuchinji. Anabarikiwa tu, kwa heshima ya Mtakatifu Agnes. Kesho ni sikukuu yake."

"Basi sawa. Lakini arudi na mkia yake yote."

Saa kumi na moja Agnes alifika na madaftari kifuani. Ana mvi. Hakunipa mkono.

"Nimerudisha mbuzi," nikasema.

"Wote watatu?"

"Wote."

Aliketi kizingitini. "Kwa hiyo mpaka jana nilikuwa mke wa mtu." Kisha akanitazama. "Baba, kila mwaka ulitusimulia. Mwenye upanga tulimjua, mchumba tulimjua. Baba yake Agnes alikuwa wapi?"

Hasira ya zamani ilinipanda, ikakosa pa kwenda.

"Wanasimulia kwamba wazazi walimlilia kaburini," nikasema, "wakamwona na mwanakondoo mweupe ubavuni."

"Kaburini," akasema. "Kesho simulia wewe. Usimsahau baba."

Ijumaa, kwenye kanisa dogo, Agnes alimshika mwanakondoo mbele ya watoto, nami nikasimulia. Nilipofika penye upanga nikasema: "Mimi sikuwa na upanga. Nilikuwa na mbuzi watatu." Agnes hakuinua uso, ila mkono wake uliacha kumpapasa mnyama.

Jumamosi alinisindikiza hadi kwenye basi. "Ukifika, nipigie," alisema. Hilo tu. Sikustahili hata hilo.

Jumapili, Mwingi, nilisimama kanisani bila kualikwa. Nilichojifunza nilikisema chote: msichana aliyekufa tunamheshimu kwa urahisi kwa kuwa hakuna mahari tutakayokosa. Kisha nikawataja waliokula mbuzi wa Agnes, nikianza na jina langu. Mwenyekiti aliinuka akatoka. Wazee wawili wakamfuata. Katika viti vya kwaya wasichana hawakutikisika, wakinikodolea macho, nami nikaendelea mpaka jina la mwisho.