Mama wa Dakika Kumi na Mbili

Niseme mapema: mimi ni mtu wa maneno mengi, na kazi ninayofanya hapa Brussels hainitendei haki. Nasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kule Jette, kutoka wodini hadi kwenye eksirei na kurudi, na wagonjwa wenyewe wengi wamelala. Wakati mwingine nawapigia soga hivyo hivyo. Lakini zamani Mwanza, kabla sijapata safari, nilikuwa na kazi iliyonikaa sawasawa. Nilikuwa natafsiri filamu kwenye kibanda cha video.

Kama hujawahi kukaa kwenye kibanda cha video, pole. Kuna mabenchi, televisheni moja, na pembeni mtu ameshika kipaza sauti. Sauti ya filamu inapunguzwa, na yule mtu anasema kila kitu kwa Kiswahili: stelingi kasema nini, adui kajibu nini, mama mkwe kanuna kwa nini. Mimi Kichina sikujua, Kihindi sikujua hata salamu. Nilikuwa nasoma nyuso tu. Nisipoelewa natia chumvi, na watu hawana mbavu. Sheria ilikuwa moja: picha ikianza, na wewe unaanza. Ukileta utangulizi unatupiwa maganda ya miwa, na mimi nilishatupiwa mara mbili.

Hayo yote niliyamwaga Jumapili moja kwenye soko la Gare du Midi, mbele ya muuza samaki, wakati namsaidia kubeba kapu bibi mmoja wa Kijapani anayekaa ghorofa ya chini yangu huku mtaa wa Forest. Ni mjane wa Mbelgiji, amevuka themanini, na Kifaransa chake na changu vyote ni vya kuokoteza, nadhani ndiyo maana tunaelewana. Siku zote ananisikiliza kwa adabu tu. Siku hiyo alisimama kabisa. Akaniambia kwamba kwao, enzi za picha bubu, kila sinema ilikuwa na mtu kama mimi. Alikaa pembeni ya pazia akimsemea mama, mtoto na jambazi, na wengine walikwenda sinema kwa ajili yake yeye, si ya waigizaji. Jamani, nilifurahi! Miaka yote nilidhani ni ujanja wetu wa uswahilini.

Kesho yake akanikaribisha chai, na hapo ndipo alipoanza kunisimulia habari za babu yake.

Babu alikuwa mwigizaji. Alipandishwa jukwaani akiwa na miaka sita, na alichofundishwa ni kuigiza wanawake. Kwenye tamthilia zao za zamani majukwaa yalikuwa ya wanaume, kwa hiyo walikuwepo wanaume waliofanya kazi hiyo maisha yao yote. Walisomea namna ya kukaa, kumimina chai na kugeuza shingo. Sinema ilipoingia, wakachukuliwa hao hao. Walipigwa picha uani, kwenye jua, na upepo ukivuma ukuta wa chumba unapepea, maana ulichorwa kwenye kitambaa. Kwa miaka kadhaa babu alikuwa mke na mama wa kila mtu. Halafu wanawake wenyewe wakaanza kuchukuliwa kwenye filamu, naye akaambiwa sasa acheze wanaume. Wapi! Bibi alisema akivaa suruali alitembea kama mtu aliyeazima miguu. Akaishia kupewa nafasi ya mzee anayepita na mwavuli, baadaye hata mwavuli akapewa mwingine, akaenda kufundisha mabinti wa mtaani kwao kucheza ngoma.

Katika filamu zake zote zimebaki dakika kumi na mbili. Babu akiwa mzee zilionyeshwa mara moja mjini kwao, akaenda na mjukuu wake, huyu bibi, akiwa na miaka saba. Vijana walicheka tangu mwanzo hadi mwisho. Babu alimshika mkono wakatoka kabla taa hazijawashwa, na hakutamka tena neno sinema mpaka anaingia kaburini. Sasa mpwa wa bibi alikuwa amemtumia zile dakika kwenye flashi, naye alitaka zionyeshwe kwenye ukumbi wa mtaa wetu, Jumapili ile ambayo kila mkazi analeta kitu cha kwao. Na alitaka mimi ndiye nizisemee, tena kwa lugha ninayoiweza, Kiswahili, kwa sababu waliojaa mtaani kwetu ni Wakongo wa Katanga na Watanzania wachache. Majirani Wabelgiji wangetazama picha.

"Ninaogopa kitu kimoja tu," aliniambia. "Wasimcheke tena."

Akanipa sharti. Kabla picha haijaanza, niwaeleze watu kwamba yule mama ni mwanamume, na kwamba hiyo ilikuwa sanaa kubwa iliyosomewa miaka mingi. Wakijua, hawatacheka. Niliahidi. Niliweka na mkono kifuani kabisa, maana mimi kwenye kuahidi sijambo.

Siku ikafika. Saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Nyuma walikaa wazee waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha hapo jirani kilichofungwa, katikati wamama wa Lubumbashi na Likasi na sahani zao za sambusa, mbele bibi peke yake, amevaa vizuri, mkoba magotini. Nikakabidhiwa kipaza sauti. Sikuwa nimeshika kipaza sauti kwa miaka ishirini na mbili. Mapazia yakafungwa, picha ikatokea ukutani, na mdomo wangu ukaanza wenyewe.

Nilikuwa nimeshasema dakika nzima ndipo nikakumbuka utangulizi. Nilichemsha! Kusimamisha picha sikuweza, na kuwaambia katikati ya kisa kwamba mama huyu ni mwanamume ndiyo ingekuwa kuwaita wacheke.

Kisa chenyewe kilikuwa rahisi. Bwana mmoja mwenye masharubu na kofia ya Kizungu amekuja kumchukua binti wa mama maskini, akalelewe nyumba kubwa mbali. Yule bwana nikampa sauti ya mjumbe wetu wa nyumba kumi kule Mwanza, mtu aliyepanga maneno kama anasoma barua ya serikali. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamtazama bibi. Alikuwa amefumba macho na kuung'ang'ania mkoba kwa mikono yote miwili. Kiswahili hakijui hata neno, kwa hiyo hakujua wanamcheka nani. Nilijisikia vibaya sana.

Na sasa ndiyo mama anaingia. Uso wote umepakwa rangi nyeupe, mdomo umechorwa mdogo, mwili mpana. Vijana wawili nyuma wakaanza kucheka chinichini. Mimi nilikuwa na utani tayari, uko kwenye ncha ya ulimi, na ulikuwa mtamu kuliko yote ya siku ile. Sitakuficha, niliutamani. Nikaumeza, nikafanya nilichokuwa nafanya kibandani nikipotea njia: nikaacha uso, nikatazama mikono.

Mikono ilikuwa inafunga kifurushi cha mtoto. Kikafungwa. Kikafunguliwa, kikafungwa tena, polepole, na hakikuwa na kasoro yoyote. Mama yangu alinifanyia hivyo hivyo stendi ya basi siku naondoka, begi langu alilifunga na kulifungua mara tatu huku kondakta anafoka. Basi nikayasema maneno yake mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama alivyoyasema.

"Nimekuwekea nguo ya baridi juu, usiitafute. Na wakikukaribisha chakula, usiseme umeshiba kabla hujala."

Kicheko cha nyuma kikakatika. Kisha mmoja wa wamama wa Lubumbashi, yule anayeongoza kwaya kanisani kwao, akasimama na kumnyooshea kidole bwana wa masharubu akimwambia achia mutoto. Wenzake wakamuunga mkono, na yule bwana akatukanwa kwa Kiswahili, Kifaransa na Kilingala mpaka nikamhurumia. Aliyekuwa na sambusa aliishika hewani. Mtoto akaondoka. Mama akabaki mlangoni na ndara moja iliyosahaulika, akaifuta vumbi kwa mkono wa nguo yake, na picha ikaishia hapo. Nikashusha kipaza sauti.

Mapazia yalipofunguliwa bibi alikuwa amefumbua macho, anawatazama watu wanavyojifuta nyuso. Mama wa kwaya akanijia na leso mkononi.

"Papa, ule maman wa mu filme, iko muzima? Nataka nimuombee."

Bibi akanivuta mkono wa koti, anataka kujua kaulizwa nini. Nikamtafsiria. Akanitazama.

"Hukuwaambia?"

Nikakiri nimesahau. Nikaomba radhi, nikasema naweza kuwaambia sasa hivi, wote bado wapo. Akaniomba nirudie lile swali la mama wa kwaya, na nilipolirudia akacheka, ameziba mdomo, shingo ameigeuza pembeni taratibu. Nilikuwa nimetoka kuiona shingo hiyo ukutani.

"Basi usiwaambie," alisema. "Hiyo ndiyo kazi aliyosomea."

Nikamgeukia mama wa kwaya, nikamwambia amefariki zamani, ila huyu hapa ni mjukuu wake. Yule mama akamshika bibi mashavu kwa mikono miwili, akamkagua uso vizuri, bila haraka.

"Mbona munafanana!" alisema.

Nikamtafsiria bibi, neno kwa neno, na safari hii sikutia chumvi hata punje.