Nilikata Kilimi, Ugonjwa Ukabaki Kifuani

Kabla ya kuugua nilikuwa mzee mwenye nguvu. Nilishona viatu mtaa wa South Beach, huku tulikokimbilia kutoka Kongo, na jioni nilipanda ngazi hadi orofa ya nne bila kupumzika. Tulikaa chumba kimoja na binti yangu Espérance na mtoto wake Divine, wa miaka saba. Divine alilala nami kitandani.

Kikohozi kilianza wakati wa baridi. Kwanza kikavu, kisha makohozi mazito ya manjano. Usiku jasho lililowesha shuka. Kwetu Kongo, mtu akikohoa bila kupona, tunasema kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimerefuka, kinagusa koo. Nikaenda mtaa wa Berea kwa mtu wa kwetu, akanikata kilimi. Nilitema damu, nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikasema nimepona. Haikuwa kweli.

Baadaye Divine naye akaanza kukohoa. Muuguzi alipita shuleni kwao kupima watoto, akampapasa shingo, akakuta vivimbe. Nilipokwenda kumchukua mtoto, muuguzi aliniuliza jambo kwa Kiingereza. Divine, ambaye huniita Koko, yaani babu, akatafsiri.

“Koko, anauliza nani anakohoaka kwetu.”

“Mwambie hakuna.”

“Na wewe, Koko?”

“Mimi nilishakatwa.”

Muuguzi akasema nimpeleke kliniki, apimwe kifua. Niliitikia kwa kichwa. Moyoni nilisema watu wa huku hawajui mambo ya kilimi. Kesho yake nikampeleka Berea kwa mtu yule yule, naye akakatwa kilimi.

Tuliporudi nyumbani damu ilikataa kukatika. Mtoto aliimeza, kisha akatapika mabonge meusi. Midomo ikawa myeupe. Espérance akaingia kutoka saluni anakofanya kazi.

“Papa, umemfanya nini mtoto wangu?”

Akambeba mtoto, tukakimbilia taxi. Kwenye kila robot nyekundu, zile taa za barabarani, Espérance alimpigia dereva kelele: “Pita! Pita, anakufa!” Mimi nilishikilia taulo mdomoni mwa Divine, nikihesabu pumzi zake, nikiogopa kwamba itakayofuata haitakuja.

Hospitalini walizuia damu, wakampiga picha ya kifua. Kifua kikuu. Daktari akanigeukia, akanipa kikopo, Espérance akitafsiri. “Mzee, na wewe kohoa humu. Mtoto wa umri huu huambukizwa na mtu mzima anayeishi naye.”

Nami nikakutwa nacho; mimi na Divine tulimeza vidonge miezi sita. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chungwa, tumbo lilikataa chakula. Espérance aliniwekea sahani karibu na mlango, akarudi kwa Divine. Nililala sakafuni, chini ya dirisha lililo wazi, nikisikiliza kama mtoto anakohoa.

Tumepona wote wawili. Namshukuru Mungu, na muuguzi yule niliyemdharau. Divine amenenepa, ila tangu akatwe kilimi, akinywa maji haraka humtoka puani, wenzake wanacheka.

Ndugu zangu, dawa ile ni bure, hata kwetu sisi wakimbizi. Msikate watoto kilimi. Espérance ameanza kuniita Papa tena, lakini kuniachia Divine peke yangu, bado. Simlaumu. Ninyi wenye wajukuu, wapelekeni kliniki wakiwa bado wanatembea wenyewe. Mimi wangu nilimfikisha akiwa amebebwa.