Tramu Iliyokosa Mkono Siku ya Sikukuu

Asubuhi ya sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, anga ya Kolkata imejaa tiara, naye Bibhuti Karmakar anapapasa mifuko ya koti lake upya. Mbele yake tramu ya mbao aliyoifufua na wenzake inang'aa juu ya reli zake kama bibi harusi. Abiria wameshakaa. Mpini wa kuiendeshea haupo.

"Kaka, mpini uko wapi?" anauliza Minoti Pal, muuguzi mstaafu aliyeipaka rangi tramu hiyo.

Bibhuti anageukia kona ya karakana. Mbele ya sanamu ya mungu zimepangwa nyundo, spana na misumeno, zote zimevishwa maua. Katikati yake, umepakwa liwa, umelala mpini wa shaba.

"Nimeuweka mwenyewe," anasema kwa sauti ndogo.

"Heri ungejiweka wewe huko, tukabaki na mpini!"

Mazoea yana taabu. Siku hii vifaa vya kazi hupumzika, na hakuna anayegusa hata bisibisi mpaka kesho yake. Miaka thelathini aliyoendesha tramu, Bibhuti alipeleka mpini wake kwa mungu kila sikukuu, maana stoo ilikuwa na mingine. Sasa umebaki huo mmoja.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Kamati ya makumbusho madogo ya usafiri, yenye karakana hii, inakutana jioni. Tramu isipotembea leo kwa umeme wake, itang'olewa magurudumu na kugeuzwa mkahawa bustanini. Ndiyo tramu aliyoanzia kazi Bibhuti akiwa kijana.

Kwa miaka mitano wamejitolea kila Jumapili bila malipo. Bibhuti huja kwa miguu, kwani pensheni yake haifiki mwisho wa mwezi. "Mama watoto anasema nimeoa mke wa pili, tena wa mbao," anasema.

Mkurugenzi wa makumbusho, Bi Sarbani Lahiri, anachungulia dirishani mwa tramu. "Jamani, tunaondoka, au tumeshakuwa mkahawa?"

Bibhuti anamkimbilia kuhani, mzee Haradhan, anayefunga mkoba wake wa ubani.

"Kilichokabidhiwa kimekabidhiwa," anasema kuhani. "Vifaa vimelala. Njoo kesho."

"Kwani huo ni kifaa, mzee? Nyundo ndiyo kifaa. Leo umekuja na nini?"

"Na basi."

"Limevishwa maua?"

"Limevishwa, tena mengi."

"Na usukani wake ulikuwa umelala madhabahuni, mkaja mkilisukuma?"

Abiria wanaangua kicheko. Bibhuti hajamaliza. "Tramu umeibariki wewe asubuhi hii. Umebariki mwili, mkono ukauacha huku. Sasa itaombaje dua, mzee wangu?"

Kuhani anajitahidi kununa, anashindwa. "Huo ulimi wako ndio ungelazwa hapa leo!"

Anauinua mpini kwa mikono miwili, maua yake yakining'inia, anaubeba mwenyewe mpaka kwenye tramu na kuuchomeka mahali pake. Kisha anakaa kiti cha mbele. "Na nauli silipi."

Minoti anavuta kamba ya kengele. Bibhuti anausogeza mpini taratibu. Taa zinawaka, sakafu inatetema, na tramu inatoka karakanani kuingia juani, huku watoto waliokuwa wakirusha tiara wakiikimbilia wakishangilia. Bibhuti analia waziwazi, wala hafuti machozi, kwa sababu mkono mmoja uko kwenye mpini na mwingine kwenye breki.

"Wenye mkahawa watafute gari lingine!" anasema mkurugenzi kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Hakuna anayesubiri kamati ya jioni ili kushangilia.

Baadaye, wakila bisi za mchele kwenye ngazi za tramu, Bibhuti anaeleza mpango wake. Kesho vifaa vikiamka, kazi ya kwanza ni kutengeneza mpini wa pili.

"Wa akiba?" anauliza Minoti.

"Wako, dada. Sikukuu ijayo wangu utakwenda kwa mungu, na wewe utaendesha."

"Kaka, mimi nimezoea sindano!"

"Ndiyo maana abiria hawatathubutu kusumbua."