Makaa Yaliyochemka Bila Maji

Kwa miaka mingi Mama Beleshi alikausha vumbi la makaa ya mawe kwa nguvu za mikono. Likitoka kuoshwa, chepechepe na zito kama udongo wa mfinyanzi, yeye na wenzake walilitandaza juu ya sakafu iliyokolezwa moto chini yake, wakaligeuza kutwa nzima kwa mabeleshi. Aliyetandaza tabaka nene ndiye aliyesifiwa, na hakuna aliyemfikia. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika.

Kisha ukaletwa mtambo mpya, na msimamizi akampa hiari: ajifunze kuuendesha, au astaafu. Nusura astaafu. Mtambo wenyewe ulikausha makaa kwa kuyapulizia upepo wa moto kutoka chini, kupitia bamba lenye matundu, na yeye hakuwahi kusikia upuuzi kama huo. Nani asiyejua kwamba makaa yakipulizwa yanawaka? Mdogo wake aliungua mkono mzima kwenye pipa la zamani la kukaushia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Fundi aliyekuja na mtambo alimweleza taratibu kwamba upepo ule ni moshi wa tanuri, umeshaungua, hauna tena cha kuulisha moto. Mama Beleshi aliitikia kwa adabu, asiamini hata neno moja.

Siku ya kwanza mazoea yakamponza. Alifungulia makaa mabichi kwa wingi, tabaka nene la kujivunia. Mtambo ukanguruma, kisha mngurumo ukadidimia. Nyuma ya kioo cha mtambo lundo lote lilikuwa limelala, na kipimo cha joto cha upande mmoja kikaanza kupanda. Mkono wake ukarukia swichi ya upepo.

"Usizime, mama," fundi akasema. "Funga makaa, yameuelemea upepo. Upepo wenyewe uache uendelee."

Kila alichokijua maishani kilimwambia azime. Alifunga makaa, akauacha upepo, akangoja.

Lundo likatikisika. Likainuka. Mara vumbi lote likawa linachemka kama maji jikoni, linatoa mapovu, linatiririka, na ndani yake hamna maji ya kuchemka. Ni upepo tu umeibeba kila chembe. Kazi iliyokuwa ikimmaliza kutwa ilimwagika upande wa pili, kavu, kabla hajapata kujifuta jasho. Moto haukuwaka. Mama Beleshi aliingiwa na woga wa namna nyingine, woga wa mtu aliyeonyeshwa jambo kubwa kuliko yeye, na machozi yakamtoka.

Zamu ilipoisha, msimamizi alipanda ngazi kumuuliza ameamuaje kuhusu kustaafu. Mama Beleshi hakugeuka.

"Sogea kidogo, baba, unanizibia mwanga," akasema. "Bado natazama."