Samli kwenye sketi ya mama

Ninyi vijana mtakaosoma haya, chekeni kwanza mmalize, maana aibu hii niliipika mwenyewe na sitaki msimuliane nusu nusu huko kwenye simu zenu.

Kigangoni kwetu Gendabi tuna picha kumi na nne za Njia ya Msalaba, alizichora katekista aliyenifundisha sala, na wale wanawake wanaomlilia Yesu aliwavalisha sketi za ngozi kama za mama zetu (mmoja alimchora mama yangu kabisa, picha yake nyingine sina). Mvua ikapenya batini, rangi ikaanza kubanduka. Kamati ikasema michango ya Jumapili inayofuata isipotosha kumleta fundi wa picha kutoka Arusha, zing'olewe, zinunuliwe za karatasi dukani. Nikawaambia mimi nikiwa hai haziondoki, nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiwaalika watu waje kuchangia, hata wafugaji wasiosali kwetu.

Jumamosi nafagia kanisa nikaona sketi ya mama imepasukapasuka, na ngozi ikipasuka sisi tunafanya nini, si tunaipaka samli? Nikapaka, ikang'aa, nikaona kumpaka mama peke yake ni upendeleo, nikawapaka wanawake wote (mkono wangu hauna breki).

Jumapili picha ile tukaishusha, tukaiegemeza kwenye benchi wageni waone uharibifu, nami nikasimama kuomba michango kwa sauti kubwa, kumbe hakuna anayenitazama: mbwa wa mzee Gidamuhale, mfugaji jirani yetu, amemaliza sketi ya mama na anaanza ya pili, ulimi umejaa rangi.

Mzee akamvuta mbwa, akanusa picha, akaniuliza taratibu, "Mama, nani amewapaka hawa samli?"

Shetani akaniambia nyamaza. Nikasema, "Mimi."

Kanisa likaangua kicheko, hata padre akajifunika kitabu. Mzee hakucheka. "Mbwa wangu amemvua mama yako nguo mbele za watu," akasema. "Kwetu hilo lina faini. Natoa ndama."

Nikafuta uso kwa khanga, nikasema aliyempaka naye anatoa mbuzi wawili, sasa ninyi mnaocheka mnatoa nini? Wakatoa.

Fundi alikuja. Akauliza nani alipaka mafuta, nikanyoosha kidole kama mtoto wa shule. Sketi ameirudisha.

Nyumbani nikatoa amri: kibuyu cha samli kifungiwe kabatini, ufunguo akae nao mkwe wangu, na siku nikisema naenda kufagia kanisa, nikaguliwe mikono kabla sijavuka mlango.