Akina Mama wa Viti vya Nyuma

Celina Kaari alijifunza kuendesha gari baada ya kustaafu, umri ambao wenzake wengi wa Ruiri walikuwa wanatafuta kiti cha kuegemea. Alikuwa muuguzi wa wadi ya wazazi kwa muda mrefu kiasi kwamba nusu ya vijana wa pale sokoni walikuwa wamepita mikononi mwake wakiwa uchi, na hakusita kuwakumbusha walipojifanya wakubwa. Alipopata kiinua mgongo chake hakujenga nyumba za kupangisha wala hakununua ng'ombe wa maziwa. Alinunua gari la kijivu, la viti saba, lililoinuka juu ya barabara hata ikambidi ashike mpini wa mlangoni na kujivuta ndani. Watu walisema waliyosema. Yeye akawasha gari akaenda zake.

Tusidanganyane, kujionyesha kulikuwepo kidogo. Lakini gari lile lilifanya kazi. Kila Jumapili baada ya ibada lilibeba akina mama sita wa kanisa kwenda kumwona mgonjwa, kuwafariji wafiwa au kumpelekea mzazi mpya uji na ndizi. Mahali walipozoea kufika jioni wakiwa na vumbi hadi magotini, sasa walifika mapema, wakashuka mmoja mmoja wakiweka sawa vitambaa vya kichwa, na wenyeji wakatoka nje kuwapokea. Njiani waliimba. Waliimba kwa nguvu, hasa Lenah, mkubwa wao kwa umri, ambaye alikaa kiti cha nyuma kabisa kwa madai kwamba huko ndiko hewa hupita vizuri. Celina alipenda kuimba kule kupita kiasi. Akiwa ameshika usukani na sauti zimejaa nyuma yake, alijihisi mtu mwenye bahati.

Kisha gari likaanza kugonga.

Ilikuwa sauti ya chini, upande wa nyuma: ngo, ngo, kama mtu anayebisha mlango wa jirani huku hana hakika kama atakaribishwa. Ilitokea kwenye matuta na mashimo, ikapotea kwenye lami nzuri. Celina aliisikia katikati ya nyimbo, akakaza macho barabarani na kupunguza mwendo. Hakuwauliza abiria wake. Aliona ni sawa na kumwuliza mgeni wako kama chai uliyompa inanuka moshi. Atakujibu nini?

Akalipeleka gereji ya kampuni mjini Meru, ile yenye sakafu inayong'aa na makochi ya wateja, kwa kuwa hakutaka mafundi wa kubahatisha. Aliyepokea magari pale alikuwa Ngari, kijana wa Embu mwenye shati lililopigwa pasi na maneno ya adabu. Ngari aliandika yote aliyoambiwa. Gari likapitishwa kwenye mlango wenye maandishi ya kuwakataza wateja wasiingie, likarudi limeoshwa, linanukia limau.

"Mama, tumeitesti vizuri sana," Ngari alisema. "Gari iko sawa. Hiyo kelele haikusikika."

Jumapili iliyofuata likagonga. Akalirudisha. Likaoshwa tena, likanukia tena, na kelele haikusikika tena. Kufikia hapo hakukuwa na gari safi kuliko lile eneo zima la Buuri, na mwenyewe alikuwa amechoka kuambiwa liko sawa.

Akafanya kosa la kumweleza mwanawe. Riungu alikuwa na kazi ya ofisi mjini Embu, na alikuwa na mazoea ya kumtunza mama yake kwa simu. Safari hii alikuja mwenyewe. Akaliendesha gari peke yake hadi sokoni na kurudi, asisikie kitu. Siku ya pili, ibada ilipokwisha, akamfuata Lenah nje ya kanisa, wenzake wote wakiwa wamesimama hapo.

"Mama, nyinyi ndio mnabebwa na hii gari kila wiki," alisema. "Kuna kelele mnasikia huko nyuma?"

Lenah alimtazama Celina, akalitazama gari, akatazama viatu vyake. "Sisi? Hatujasikia kitu. Gari ya mama yako ni nzuri sana."

Wengine wote wakaitikia kwamba ni nzuri sana.

Walipofika nyumbani Riungu alizungumza polepole, kwa sauti ya upole, na upole huo ndio uliomuumiza Celina. "Mum, gereji wamesema hakuna kelele. Mimi sijasikia. Wenzako hawajasikia. Si labda ni masikio? Na kama masikio yameanza kukusumbua, kuendesha ni hatari. Nitakutafutia dereva."

"Masikio yangu hayana kitu."

"Basi rudi gereji mara ya mwisho. Wakikosa hiyo kelele, unanipatia funguo. Tumekubaliana?"

Celina akakubali, kwa sababu alikuwa na hakika. Kisha akatoka kwenda kumwagilia sukuma wiki, na kila ndoo aliyomwaga hakika ile ikapungua. Kazini alikuwa amewaona wazee waliosikia mtoto akilia mahali pasipo na mtoto. Alijua mambo ya namna hiyo huanza kidogo kidogo, na mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Aliogopa. Alichokiogopa zaidi kilikuwa kile kiti cha kando: kukaa hapo ndani ya gari lake mwenyewe, mkoba mapajani, akimwambia kijana wa watu ageuke kulia.

Siku ya kwenda gereji akina mama nao walikuwa na haja ya kufika soko la Gakoromone, wakaomba lifti. Walipanda na vikapu vyao, Lenah nyuma kabisa, na wimbo ukaanza kabla milango haijafungwa. Walipofika penye mashimo, gari likagonga. Celina alisikia waziwazi, na papo hapo wimbo ukapanda. Akawashusha sokoni, akaendelea peke yake kuelekea gereji, akiyapanda matuta yote ya mjini kwa makusudi. Hakusikia kitu. Gari lilitulia kama mtoto aliyeahidiwa mandazi.

Alipofika kwenye uwanja wa gereji hakushuka. Siku zote alikuwa ameamini kwamba kelele ile ni ya Jumapili, jambo ambalo aliona haya hata kulitamka. Lakini leo ilikuwa Jumanne. Gari lilikuwa limegonga muda mfupi tu uliopita, sasa limenyamaza, na katikati hapo kilichobadilika ni kimoja: akina mama wameshuka. Celina akajipiga kofi la paja. Kule wadi ya wazazi alikuwa ameona wanawake wangapi walioumwa mgongo wakati wa mimba, wakaja kupimwa wakiwa wamekwisha jifungua, na daktari akawaambia mgongo hauna neno?

Akaingia mapokezi kwa hatua za mtu mwenye kazi.

"Ngari, nyinyi mkijaribu gari yangu, huwa mnabeba nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni fundi peke yake."

"Basi shida ni hapo. Hii gari inaumwa ikiwa imebeba. Ikiwa tupu haiwezi kukuambia kitu."

Ngari akakuna shingo. Hakuwa kijana wa kubishana kwa ajili ya kubishana. "Hiyo inaweza kuwa kweli. Lakini hapa hatuna mzigo wa kuweka ndani."

"Mzigo uko soko," Celina alisema, na akatoa simu.

Akina mama walifika na vikapu nusu, maana walikuwa wameitwa katikati ya kuchagua nyanya. Wakaketi ukingoni mwa makochi. Walipoletewa kahawa ya bure waliikataa kwa heshima, kisha wakaikubali. Hawakuwa na raha. Lenah alimnong'oneza Celina mara mbili akiuliza kama kuna mtu amewasema vibaya, na Celina, akili yake ikiwa kwenye gari, hakumjibu.

Ngari alitoka nyuma pamoja na fundi mkuu, mtu mnene mtaratibu aliyeitwa Mwongera.

"Sheria ya hapa ni mteja haendi kwa kujaribu gari," Ngari alisema, akiwatazama wanawake wale. "Lakini mteja ni Mama Riungu peke yake. Hawa wengine tunaweza kusema ni mzigo."

"Na mteja mwenyewe je?" Celina aliuliza.

Mwongera alifungua mlango wa mbele. "Ingia, mama. Hata wewe utakuwa mzigo leo."

Kwa kuwa fundi alichukua usukani na Celina kiti cha kando, nyuma zilibaki nafasi tano. Mmoja alilazimika kuachwa, na kwa kuwa kilichotafutwa ni uzito, ilibidi aachwe mwembamba wao. Hapo wakaanza kutazamana. Kila mmoja alitaka kwenda na hakuna aliyetaka kuonekana anafaa sana kwa safari. Celina akamaliza mashauri kwa jicho la mtu aliyepima watu maisha yake yote: akamwacha Gacheri. Gacheri akabaki na vikapu, kahawa na furaha ambayo hakuificha vizuri.

Gari lilipoingia barabarani, wimbo ukaanza wenyewe.

"Samahani, akina mama," Mwongera alisema. "Naomba tunyamaze kidogo, ndio nisikie."

Wakanyamaza. Miaka miwili ya safari zile, Celina hakuwa amewahi kuwasikia wakiwa kimya ndani ya gari, na kimya chenyewe kilimtia hofu. Akaangalia barabara ya vumbi waliyokuwa wakiiendea, yenye mashimo ya kutosha, akakunja vidole. Aliona mbele yake kiti hiki alichokalia kikiwa chake cha kudumu. Aliomba kwa Kimeru, moyoni, maombi mafupi ambayo si kila mtu angeyasema juu ya gari.

Gurudumu la nyuma likaingia shimoni. Ngo.

Mwongera alitega sikio. Akaendesha hadi shimo la pili. Ngo, ngo.

"Umesikia?" Celina aliuliza, sauti yake ikiwa ndogo.

"Nimesikia, mama. Iko wazi kabisa."

Celina alilia. Hakulia sana, machozi mawili matatu ya kupanguswa na ncha ya leso, lakini alilia, na hakujali fundi alionaje. Aligeuka nyuma ili afurahi na wenzake. Wote watano walikuwa wanatazama nje ya madirisha kwa bidii kubwa, kama kwamba barabara ile ilikuwa na ajabu wasilowahi kuona.

Gereji, Mwongera aliliinua gari juu kwa mashine, akawaita wote waje waone, sheria ya mlangoni ikiwa imekwisha sahauliwa. Raba moja iliyoshikilia bomba la ekzosi, lile la kutolea moshi, ilikuwa imekatika. Gari likiwa tupu, bomba lilining'inia bila kudhuru. Likibeba watu nyuma, mwili wa gari ulishuka, na kila shimo lilipokuja ekseli ya magurudumu ya nyuma iliruka ikaligonga bomba. Mahali palipogongwa palikuwa pameng'aa.

Celina akampigia mwanawe simu, hakumsalimu hata, akampa fundi. Mwongera alieleza habari ya raba kwa utulivu, akasikiliza kidogo, akasema, "Masikio ya mama? Hapana, yako sawa. Yangu ndio hayakuwa yamepata nafasi." Riungu alipoomba kuongea na mama yake, alitubu vizuri, na akaruhusiwa kukata simu.

Hapo ndipo Lenah aliposogea karibu na fundi. "Kwa hivyo si sisi?"

"Si nyinyi aje, mama?"

"Si uzito wetu umeharibu."

"Hapana. Hii gari imetengenezwa ibebe watu saba. Ni raba tu imezeeka."

Akina mama wakashusha pumzi kwa pamoja, na mmoja akacheka. Celina aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kitu kilianza kumwingia taratibu.

"Lenah, mlikuwa mnaisikia."

"Kila Jumapili," Lenah alisema. "Sisi ndio tumeikalia juu. Unafikiri ni kwa nini tunaimba hivyo?"

Celina aliinua macho akalitazama gari. Alizikumbuka nyimbo zote zile, jinsi zilivyopanda kwenye mashimo na kushuka kwenye lami, naye mbele akijiona mwenye bahati.

"Mwanangu alikuuliza mbele ya watu. Ukasema hakuna kitu. Nilikaribia kunyang'anywa funguo, Lenah. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini nazeeka vibaya."

"Ningesema nini? Mtu anakupeleka kila mahali, anakungojea, anakurudisha mpaka mlango wa nyumba, halafu umwaibishe mbele ya mtoto wake kwamba gari yake inalia? Tena tukidhani ni sisi tunaivunja?" Lenah alimshika mkono. "Lakini hilo la funguo hatukujua. Na hata kama angezichukua, tungetembea na wewe."

"Mpaka kwa wafiwa wa mbali?"

"Mpaka huko. Hatukuanza kukufuata ukiwa na gari, Kaari."

Celina alikuwa ameandaa hasira ya haki kabisa, na sasa hakuona pa kuiweka. Alicheka badala yake, akacheka hadi Ngari akachungulia kutoka mapokezi kuona kuna nini. Raba ilipowekwa, kijana huyo alileta funguo na kumkabidhi Celina mkononi kwa heshima zote. Celina akamwita Gacheri alete vikapu, akawaambia wote wapande, na Lenah akaambiwa leo akae mbele.